Kabla hujanunua dawa ya sisimizi, mtazame kiuno

Jumanne iliyopita nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Tandamti, nimefuata mbegu za bamia kwa ajili ya kikundi kimoja cha vijana ninaowahudumia. Nikiwa kaunta ya duka la pembejeo, kijana aliyesimama pembeni yangu akamwambia muuzaji, "Nipe dawa kali ya sisimizi. Wamejaa kwenye minazi na michungwa, vibarua wangu wanagoma kupanda." Muuzaji akaanza kushusha chupa. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuuliza sisimizi gani. Simlaumu sana, yeye kazi yake ni kuuza.

Nikajitambulisha, nikamuuliza kijana kama ameshawaangalia hao sisimizi kwa karibu. Akacheka. "Bwana shamba, sisimizi si sisimizi tu?" Halafu akatoa kwenye begi chupa ya maji ya nusu lita, ndani yake sisimizi wengi, wengine bado hai. Alikuwa amewabeba kutoka shambani kwake Mkuranga ili muuzaji awaone. Hapo nikamheshimu kabisa, maana wakulima wengi huwa wananielezea kwa mikono tu: "ni wadogo hivi, wekundu hivi".

Tukatoka tukakaa kwenye kijiwe cha kahawa. Mimi lenzi yangu ya mkononi haikai mbali, ile ya kukuza mara 10. Tukamwaga mzigo kwenye karatasi nyeupe. Kwenye chupa moja walikuwemo sisimizi wa aina nne. Mmoja wao ni mlinzi wa minazi yake, asiyelipwa mshahara. Wawili ni maadui wa huyo mlinzi. Wa nne hakutoka hata Mkuranga, nitamsema baadaye. Na ile dawa aliyotaka kununua ingeanza kumuua mlinzi kwanza, kwa sababu yeye ndiye anayekaa juu kwenye majani ambako dawa inapulizwa.

Nimeona niandike hapa, maana ninyi mnaolima minazi, michungwa, miembe na mikorosho kibiashara mnaulizana swali hili kila msimu.

Mlinzi ninayemsema ni maji moto. Kila mtoto wa Pwani anamjua, ukimgusa unajua kwa nini anaitwa hivyo. Kwa kisayansi ni Oecophylla longinoda. Anashona majani yakiwa mtini kwa hariri inayotolewa na viluwiluwi wake, anatengeneza viota kama mipira ya majani, na anawinda karibu kila mdudu anayetambaa kwenye mti huo. Kwa mnazi, adui mkubwa ambaye maji moto anamzuia ni mdudu wa jamii ya kunguni anayefyonza nazi changa. Mdudu huyu haonekani kirahisi, na wachache tu kwenye mnazi mmoja wanatosha kuangusha nazi zikiwa bado ndogo. Zinazobaki zinakuwa na makovu na utomvu ulioganda. Mkulima anasema mnazi umezeeka, kumbe unanyonywa. Mdudu huyo aliitwa rasmi Pseudotheraptus wayi mwaka 1955, kwa kumkumbuka mtafiti Mwingereza M. J. Way, ambaye miaka hiyo ya mwanzo ya 1950 alikuwa Zanzibar akichunguza sisimizi wa minazi. Alichokiona kule ndo kilekile ninachokiona Mkuranga leo: penye maji moto wengi, nazi zinabaki mtini. Penye sisimizi wengine waliowafukuza maji moto, nazi zinaanguka. Kwenye mikorosho pia watafiti wa hapa nchini wameonyesha kwamba maji moto wanapunguza sana mashambulizi ya mdudu huyo na ya mbu wa mikorosho.

Kwa hiyo swali la msingi shambani ni nani kashika mti wako, kwa sababu sisimizi utawakuta tu. Jibu lipo mwilini mwa mfanyakazi. Ninaposema mfanyakazi namaanisha yule asiye na mabawa anayezurura kila siku. Malkia na wenye mabawa waache, watakuchanganya.

Usimponde. Sisimizi aliyepondwa hana taarifa yoyote. Mtie kwenye kichupa chenye spiriti kidogo ya duka la dawa, au weka kwenye friza nusu saa, halafu mlaze ubavu juu ya karatasi nyeupe. Kama huna lenzi, simu yenye kamera nzuri inatosha ukiwa na subira, piga picha halafu uikuze.

Sasa angalia kiuno. Mwili wa sisimizi una kichwa, kifua chenye miguu sita, halafu kiuno chembamba, halafu tumbo. Kwenye kiuno kuna kifundo, yaani uvimbe mdogo kati ya kifua na tumbo. Hesabu: kimoja au viwili? Hilo ndo swali langu la kwanza siku zote, na linagawa koo mbili kubwa za sisimizi tulionao mashambani. Vifundo viwili, uko kwenye ukoo wa wale wenye vichwa vikubwa. Kifundo kimoja, unaweza kuwa na maji moto, lakini usishangilie bado, kwa sababu ndugu zake wa karibu nao wana kimoja.

Hapa ndipo kijana wangu alipokwama, na ndipo wengi mnapokwama. Ndani ya chupa kulikuwa na maji moto pamoja na sisimizi mwingine mwenye rangi ileile ya kahawia inayoelekea wekundu, miguu mirefu, kiuno cha kifundo kimoja, asiye na mwiba wa kuchomea. Kwa macho ya kawaida, mkiwa mmesimama shambani juani, utasema ni walewale. Huyu wa pili ni Anoplolepis custodiens. Sijawahi kusikia jina lake la Kiswahili linalokubalika kote, mimi huwa nawaita wakimbiaji, na nitatumia jina hilo. Yeye na maji moto ni wa nusu-familia moja. Wote hawana mwiba, badala yake ncha ya tumbo ina kitundu kidogo cha duara wanachorushia asidi ya fomiki. Ni ndugu kweli, lakini ni ndugu wasioelewana. Wakimbiaji wakiukuta mti wa maji moto, vita inaanza.

Tofauti ya kwanza ni umbo la kifundo. Maji moto ana kifundo kirefu, cha chini, kama kijiti kilicholazwa. Hata jina lake, longinoda, linamaanisha mwenye kifundo kirefu. Mkimbiaji ana kifundo kilichosimama wima kama kigae kilichochomekwa kwenye kiuno. Ukimlaza ubavu utaliona hilo kwa sekunde moja. Ukisahau mengine yote, hili likumbuke.

Ya pili ni vipapasio. Hii inahitaji lenzi na uvumilivu. Kipapasio cha sisimizi kimejikunja kama kiwiko: kuna pingili moja ndefu inayotoka kichwani, halafu pingili fupifupi zinafuata. Hesabu zote pamoja na ile ndefu. Maji moto ana 12. Mkimbiaji ana 11. Nilimwambia kijana ahesabu mwenyewe, akapata 10, akarudia akapata 12, mara ya tatu akapata 11. Ni kawaida. Anzia kwenye ncha, urudi nyuma, na tumia sindano kuonyesha ulipofika.

Kifua nacho kinasema. Cha maji moto kimebanwa katikati kama tandiko, na kwa mbele kinapungua na kuonekana kama ana shingo. Macho ni makubwa. Taya zake ni ndefu, zina meno mengi, na meno ya mwisho yanapishana kama mkasi. Akikasirika hukunja tumbo juu ya mgongo, akakuelekezea. Wakubwa wanafika karibu milimita 8 hadi 10. Wapo pia wadogo, nusu ya hapo, ambao mara nyingi hukaa ndani ya kiota, kwa hiyo ukiwaona nje wanaokaribia kulingana usidhani ni wote.

Mkimbiaji ni kinyume. Kundi moja lina wadogo sana, wa kati, na wakubwa, wote wanakimbia pamoja kwenye njia moja, kuanzia milimita 3 hivi mpaka zaidi ya mara mbili ya hapo. Tumbo lake lina vinywele laini vinavyong'aa, ukimgeuzageuza juani unaona kama viraka vya kung'aa na vya giza, mfano wa ubao wa drafti. Maji moto hana kitu hicho. Na makazi ni tofauti kabisa: mkimbiaji anachimba ardhini, anapenda udongo wa kichanga ulio wazi unaopigwa jua. Hashoni majani hata siku moja. Ukiona kiota cha majani, ni maji moto, mjadala umeisha. Shida ni pale unapookota wanaotembea kwenye shina na hujui wamelala wapi.

Kuna ndugu mwingine wa mkimbiaji, Anoplolepis gracilipes, ambaye alirekodiwa Zanzibar enzi zilezile za Way na anasafiri na mizigo duniani kote. Huyu ni wa njano, mwembamba, wanalingana ukubwa, na ile pingili ya kwanza ya kipapasio ni ndefu kupita kiasi, inavuka kisogo na kuendelea. Kwenye chupa ya Mkuranga hakuwepo. Nawataja kwa wenzetu wa visiwani.

Turudi kwenye wa vifundo viwili. Huyu ni Pheidole megacephala, na megacephala maana yake kichwa kikubwa. Ni mdogo. Wafanyakazi wa kawaida wana milimita 2 na kidogo, ni rahisi kuwapuuza ukadhani ni wale wa sukari jikoni. Lakini kundi lao lina watu wa aina mbili tu, hakuna wa kati: wadogo, na askari wenye kichwa kikubwa kisicholingana na mwili, umbo la moyo, kisogo kimegawanyika katikati. Mbele ya kichwa cha askari kuna mistari myembamba, nyuma ni laini na panang'aa. Kwenye kifua kuna vimiiba viwili vidogo vinavyoelekea nyuma. Kipapasio kina pingili 12, na tatu za mwisho zimenenepa kama rungu.

Pheidole wapo wa aina nyingi Afrika, na wengi ni wa kawaida tu, hawana ugomvi na mtu. Kumtofautisha megacephala na ndugu zake ni kazi ya kitaalamu, lakini kuna alama moja ninayoitegemea: kile kifundo cha pili, kinachogusana na tumbo, kimevimba, na ukimwangalia ubavu utaona upande wa chini kimetokeza kama kitambi. Aina nyingine nyingi hazina kitambi hicho, au wanacho kidogo sana. Ukishakiona, tembea shambani uone tabia: vijilima vya udongo uliosagika kwenye shina la mti, na vijia vilivyofunikwa kwa udongo na takataka vikipanda juu.

Mkitaka kujua ubaya wake, angalieni majirani. Kule Laikipia, Kenya, sisimizi huyu aliwaondoa sisimizi wenyeji waliokuwa wakilinda migunga dhidi ya tembo. Tembo wakaivunja miti, mbuga ikawa wazi, simba wakakosa pa kujificha na kuua pundamilia wachache kuliko sehemu ambazo hazijavamiwa, wakageukia nyati. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2024. Mdudu wa milimita mbili! Kwenye mnazi anafanya jambo hilohilo kwa njia ndogo: anamwondoa mlinzi, na yeye mwenyewe hamzuii yule kunguni. Tena anafuga vidugamba na wadudu wengine wanaonyonya utomvu.

Wa nne kwenye chupa alikuwa mweusi wa kijivu, miguu mirefu sana, vipapasio virefu, vinywele vigumu vimesimama mgongoni, anakimbia ovyo bila njia. Huyo ni Paratrechina longicornis, mkazi wa mijini, na Kariakoo ni kwao. Kijana akakumbuka aliiweka chupa wazi kidogo chini ya meza ya muuza matunda ili sisimizi wapate hewa. Basi mwenyeji akaingia. Tulicheka, lakini jambo lenyewe si la kucheka. Sampuli iliyochanganywa haina maana. Hata wale watatu wa kweli, hakuweza kuniambia nani alitoka mti upi. Nikamwambia arudi, achukue vichupa vitano, kila mti kichupa chake, na karatasi ndani imeandikwa kwa penseli: mti namba ngapi, amemkuta shinani, ardhini au kwenye kiota cha majani. Wino utayeyuka kwenye spiriti, penseli haiyeyuki.

Sasa niseme langu. Miaka ya mwanzo ya kazi nilimshauri mkulima mmoja wa michungwa apalilie shamba lote mpaka udongo uonekane, peupe kama uwanja. Tulifundishwa kwamba shamba safi ndiyo shamba zuri, na sikuangalia sisimizi hata mara moja. Michungwa yake mingi ilikuwa na maji moto. Msimu uliofuata nilikuta viota vimekauka, majani ya viota yamekuwa rangi ya kahawia, na chini ya kila shina kuna vijilima vya udongo. Sikuelewa nimefanya nini mpaka niliposoma utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ukiongozwa na Z. Seguni, uliofanyika kwenye michungwa ya ukanda wetu wa pwani. Majani ya chini yakiachwa, wenye vichwa vikubwa wanapata chakula na makazi huko chini, na maji moto wanabaki juu. Ukiondoa majani yote, wale wa chini wanahamia kwenye mashina na kupanda kuwapiga maji moto. Mimi ndiye niliyewapandisha. Yule mkulima hakunilaumu kwa maneno, ila hajaniita tena.

Kwa hiyo siku hizi nasema fyekeni, msikwangue. Acheni majani mafupi au panda kunde katikati, safisheni kisahani kidogo tu pale mnapoweka mbolea. Kivuli hicho cha chini kinamnyima na mkimbiaji ule udongo wazi anaoupenda. Miti jirani iliyo na maji moto iunganisheni kwa kamba au vijiti ili wahame wenyewe bila kushuka chini kwa adui.

Ikithibitika ni wenye vichwa vikubwa na wamezidi, dawa ya kupuliza mtini haifai, maana wao wamelala ardhini. Zanzibar kulifanyika majaribio, matokeo yakachapishwa 1992, ya chambo cha punje chenye haidramethilnoni kilichowekwa chini. Wanabeba wenyewe mpaka kwa malkia, na maji moto waliokuwa juu wakaongezeka. Msikimbilie dukani kuuliza chambo hicho kabla ya kuhakikisha bidhaa mnayopewa imesajiliwa na TPHPA kwa matumizi hayo. Lebo isomwe, siyo mdomo wa muuzaji.

Jaribio la bei rahisi la kuwajua: weka kipande cha dagaa chini ya mti asubuhi, kaa nusu saa. Wakija wadogo wengi kisha wakafuatiwa na vichwa vikubwa, umejua. Fanya hivyo kwenye miti isiyopungua kumi, si mmoja.

Na vibarua wanaogoma? Ni kero ya kweli, siwezi kusema si kitu, maji moto wanauma. Wapangusie majivu mikononi na miguuni kabla ya kupanda, sisimizi hawapendi kutembea juu ya majivu. Nguo ya mikono mirefu iliyofungwa kwenye kifundo cha mkono nayo inasaidia. Wengine huongeza malipo kidogo kwa mti wenye viota vingi. Piga hesabu ya nazi zilizoanguka changa chini ya mti usio na viota, ndo utajua kama nyongeza hiyo ni hasara.

Kijana alirudisha vichupa vitano Ijumaa, vimeandikwa vizuri kabisa. Mitatu ni maji moto. Mmoja wakimbiaji, ule ulio ukingoni mwa barabara ya gari ambako mchanga uko wazi. Mmoja vichwa vikubwa, na kitambi cha kifundo kipo, nilimwonyesha mwenyewe kwenye lenzi. Hela ya dawa bado anayo. Tumekubaliana nitafika shambani kwake kabla ya mvua za vuli, tutembee mti kwa mti na kuchora ramani ya nani anakaa wapi, ndipo tuamue kuhusu ule mti mmoja.

Anayetaka nimtambulishie sisimizi wake, anitumie picha tatu: ubavu ili nione kiuno, uso kwa mbele, na mti wenyewe ukionyesha chini ya shina. Weka rula au sarafu pembeni ya mdudu. Picha ya sisimizi aliyepondwa sitaijibu.